Wastani Mtupu Hauwezi Kuihukumu Shule

Kila yatangazwapo matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ofisi za elimu kutoka mkoani hadi katani hushughulika na jambo moja: kuzipanga shule kwa asilimia ya waliofaulu, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Orodha hiyo hubandikwa ukutani, husomwa vikaoni, na mara nyingi hugeuka kuwa hukumu. Mwalimu mkuu ambaye shule yake imeshika nafasi ya juu hupongezwa. Yule ambaye shule yake imeburura mkia hutakiwa kujieleza kwa maandishi, na si jambo geni kusikia kwamba fulani amevuliwa madaraka.

Hapana mtu awezaye kupinga kwamba shule zipimwe. Wananchi huzigharimia kwa kodi zao, hujenga madarasa kwa nguvu zao, na huwakabidhi walimu watoto wao wenyewe. Wana haki ya kujua kinachofanyika humo. Lakini liko swali ambalo halina budi kuulizwa kabla ya hukumu kutolewa. Je, asilimia ile inapima kazi ya shule, au inapima mambo mengine ambayo mwalimu hakuyatenda wala hana uwezo wa kuyazuia?

Wataalamu wa takwimu wamelishughulikia swali hili kwa miaka mingi, na wametoa chombo cha kulijibia. Chombo hicho huitwa modeli za takwimu za ngazi nyingi. Jina lake ni zito na hesabu zake si nyepesi, lakini wazo lililomo ndani yake si geni hata kidogo kwa mkulima wa mpunga wa Ubaruku.

JARUBA NA MFEREJI

Ubaruku, katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, ni mji ulioinuliwa na mpunga. Huko bonde la Usangu ndiko lilikojengwa shamba kubwa la Mbarali katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, likaendeshwa na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, na hatimaye likabinafsishwa katika miaka ya 2000. Pembeni mwa shamba hilo wakulima wadogo nao hulima majaruba yao. Maji hutoka mtoni, hupita kwenye banio, huingia mfereji mkuu, kisha hugawanywa katika mifereji midogo hadi kulifikia jaruba la kila mkulima.

Mkulima wa Ubaruku akiambiwa kwamba jaruba la fulani limetoa magunia machache kuliko la mwenzake, hatakimbilia kusema kwamba fulani ni mvivu. Kwanza atauliza jaruba hilo liko mwanzo wa mfereji au mwisho wake. Atauliza mfereji ulipata maji mwezi gani, udongo wa upande ule ukoje, na mbegu ilikuwa ipi. Baada ya kuyapata majibu hayo ndipo atakapoweza kusema kwamba huyu ni mkulima hodari aliyevuna kuliko ilivyotazamiwa katika mfereji mkavu, na yule ni mzembe aliyevuna haba penye maji tele. Anajua kwamba mavuno ya jaruba moja yana sababu za ngazi kadhaa: zipo za mkulima mwenyewe, zipo za mfereji unaowahudumia wakulima wengi kwa pamoja, na zipo za mto unaoihudumia mifereji yote.

Wala si ajabu kwamba elimu ya takwimu ya kisasa ilikulia shambani. Mwingereza Ronald Fisher aliajiriwa mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, na humo ndimo alimobuni njia za kutenganisha tofauti zitokanazo na mbolea au mbegu na zile zitokanazo na rutuba ya kipande cha ardhi. Wataalamu wa elimu walichukua muda mrefu kuyafuata mafunzo hayo ya shambani.

Mwanafunzi naye yumo ndani ya ngazi. Yumo katika darasa lenye mwalimu wake. Darasa limo katika shule yenye mwalimu mkuu wake. Shule imo katika kata, kata katika wilaya, na wilaya katika mkoa. Watoto wa darasa moja hufundishwa na mwalimu yule yule, hugombea vitabu vile vile, na huathirika pamoja mwalimu wa Hisabati anapohamishwa pasipo kuletwa mwingine. Kwa hiyo alama zao hufanana kuliko alama za watoto mia mbili waliookotwa mmoja mmoja kutoka nchi nzima. Mtafiti anayewatia wote katika kapu moja na kuwahesabu kana kwamba hawana uhusiano hujidanganya mwenyewe, na huwadanganya wale wanaoongozwa na maandishi yake.

WATOTO ELFU MBILI WALIO MIA TATU

Ukubwa wa udanganyifu huo waweza kuonyeshwa kwa hesabu ndogo ambayo mwalimu yeyote ataifuatilia. Tuseme mtafiti amewapima wanafunzi 2,000, yaani wanafunzi 20 kutoka kila shule katika shule 100. Tuseme tena kwamba sehemu 3 katika 10 za tofauti zote za alama ziko baina ya shule na shule, na sehemu 7 ziko baina ya wanafunzi wa shule moja. Kanuni ya takwimu ni kuchukua idadi ya wanafunzi wa kila shule, kutoa moja, kuzidisha kwa sehemu ile ya shule, kisha kuongeza moja. Hapa 19 mara 0.3 ni 5.7, na ukiongeza moja unapata 6.7. Ukigawanya 2,000 kwa 6.7 unapata takriban 300. Maana yake ni kwamba wanafunzi wale elfu mbili wana habari sawa na wanafunzi mia tatu tu ambao wangechaguliwa mmoja mmoja bila kujali shule. Anayetangaza matokeo yake kwa uhakika wa watu elfu mbili anatangaza uhakika ambao hanao.

Makosa ya namna hii yamekwisha kutokea, tena kwa wasomi wakubwa. Mwaka 1976 mtafiti Neville Bennett wa Uingereza alitoa kitabu kilichodai kwamba watoto waliofundishwa kwa njia za kale, za nidhamu na masomo yaliyopangwa, waliendelea vizuri kuliko waliofundishwa kwa njia mpya za kuwaacha watoto wajigundulie mambo. Magazeti yalilipokea dai hilo kwa kishindo na wanasiasa wakalishika. Lakini utafiti huo ulikuwa wa walimu 37 tu, ingawa wanafunzi walikuwa mamia. Hoja ilihusu walimu, na walimu ndio waliopaswa kuhesabiwa. Hesabu ziliporudiwa mwaka 1981, na Bennett mwenyewe akiwa mmoja wa walioshiriki, tofauti zilizokuwa zimetangazwa zilififia kiasi cha kutotosha kuwa msingi wa hukumu yoyote. Miaka michache baadaye, mwaka 1986, Murray Aitkin na Nicholas Longford kwa upande mmoja, na Harvey Goldstein wa Chuo Kikuu cha London kwa upande mwingine, walichapisha njia kamili za kuzikokotoa ngazi zote kwa pamoja. Kule Marekani Stephen Raudenbush na Anthony Bryk waliandika kitabu chao juu ya jambo hilo hilo mwaka 1992.

AFRIKA MASHARIKI KATIKA MJADALA HUO

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani peke yake. Afrika Mashariki imo katika mjadala huu tangu mapema. Mwaka 1966 taarifa ya James Coleman ilidai kwamba kule Marekani hali ya nyumbani kwa mtoto huamua maendeleo yake kuliko shule anayosoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Stephen Heyneman alifanya utafiti katika shule za msingi za Uganda akakuta mambo tofauti: huko, hali ya shule ilikuwa na uzito mkubwa kuliko utajiri wa mzazi. Mwaka 1983 yeye na William Loxley waliyalinganisha mataifa 29 na kudai kwamba kadiri nchi ilivyo maskini ndivyo shule inavyozidi kuwa na uzito. Kwa nchi changa hiyo ilikuwa habari ya matumaini, kwa maana ilisema kwamba fedha zinazotiwa shuleni hazipotei.

Lakini mwaka 1989 mtafiti Abby Riddell, aliyekuwa amefanya kazi Zimbabwe, alionya kwamba hesabu hizo za zamani ziliwachanganya wanafunzi na shule katika kapu moja, na kwamba hoja kubwa kama hiyo haiwezi kuamuliwa pasipo kuzitenganisha ngazi. Onyo hilo lilisikika. Tangu mwaka 1995 nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, Tanzania Bara na Zanzibar zikiwamo, zimekuwa na ushirika wa kupima ubora wa elimu ujulikanao kwa kifupi SACMEQ, na watafiti kama Njora Hungi wamezichambua alama za wanafunzi wa darasa la sita kwa modeli za ngazi nyingi ili kuonyesha kiasi gani cha tofauti ni cha mtoto na kiasi gani ni cha shule.

Upimaji huo wenyewe unaonyesha jinsi wastani unavyoweza kufunika mambo. Mwaka 2007 Tanzania Bara ilipata wastani wa alama 577.8 katika kusoma, juu ya nchi zote za ushirika huo, ambapo 500 ulikuwa wastani wa kipimo tangu awali. Mwaka 2010 shirika la Uwezo lilipita nyumba kwa nyumba likakuta kwamba ni watoto watatu tu hivi kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kisha mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 ukaleta sifuri kwa takriban asilimia 60 ya watahiniwa, Taifa likashituka, na tume ikaundwa.

Je, nani alikuwa akisema kweli? Huenda wote. SACMEQ iliwapima watoto waliokwisha kufika darasa la sita na waliohudhuria shuleni siku hiyo, na huku Tanzania Bara ikipimwa kwa Kiswahili, lugha ambayo watoto huifahamu, majirani wengi walipimwa kwa lugha za kigeni. Uwezo iliwakuta watoto majumbani, watoro wakiwamo. Mtihani wa kidato cha nne uliandikwa kwa Kiingereza. Kila wastani ulikuwa wa kundi lake, na kila kundi lilikuwa na ngazi zake. Wastani mmoja ukichukuliwa peke yake ungeweza kumfanya kiongozi alale usingizi, na mwingine ungeweza kumfanya awafukuze walimu wote.

KOSA LA KUMHUKUMU MTU KWA KUNDI LAKE

Liko kosa jingine ambalo maofisa hulitenda bila kujua. Mwaka 1950 Mmarekani W. S. Robinson alichunguza hesabu ya watu ya nchi yake ya mwaka 1930. Aliona kwamba majimbo yenye wahamiaji wengi kutoka nje yalikuwa na watu wengi zaidi wanaojua kusoma. Mtu mwepesi angesema basi wahamiaji walijua kusoma kuliko wenyeji. Kumbe ilikuwa kinyume: wahamiaji wenyewe walijua kusoma kwa uchache zaidi, ila walihamia kwenye majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wamesoma.

Kosa kama hilo laweza kufanyika Mbarali pasipo mtu kulitambua. Tuchukue mfano wa kubuni. Ofisa anakuta kwamba kata zenye wakulima wengi wa mpunga zina ufaulu mkubwa kuliko kata nyingine, na anaandika katika taarifa yake kwamba kilimo cha mpunga hakiwadhuru wanafunzi. Huenda ukweli ni kwamba kata hizo zina fedha ya mauzo, zina nyumba bora za walimu, na walimu hawakimbii. Lakini ndani ya kila shule ya kata hizo, mtoto anayepelekwa kuamia ndege shambani mpunga unapoiva, na kukosa masomo kwa majuma kadhaa, anaweza kuwa nyuma sana ya mwenzake anayebaki darasani. Katika ngazi ya kata mpunga unaonekana kuwa baraka. Katika ngazi ya mtoto unaonekana kuwa kikwazo. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na hatua za kuchukua ni tofauti. Takwimu za wastani wa kata haziwezi kumwona mtoto huyo. Modeli ya ngazi nyingi humwona, kwa kuwa hulipima jambo lile lile mara mbili, ndani ya shule na baina ya shule, na kuyaweka majibu mawili mbalimbali.

Hali kadhalika kuna suala la shule ndogo. Tuseme wilaya ina shule mbili zenye walimu wa uhodari ule ule, ambako kila mtahiniwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kufaulu. Shule moja ina watahiniwa 16, nyingine 144. Kwa bahati tu, asilimia ya shule ndogo huyumba kwa kawaida kiasi cha pointi 12 na nusu juu au chini ya 50, hali ile ya shule kubwa huyumba pointi 4 hivi. Matokeo yake ni kwamba shule ndogo hujazana kileleni na mkiani mwa orodha. Mwaka huu mwalimu mkuu wa shule ya watoto 16 anapewa cheti, mwaka ujao anaitwa kujieleza, naye hakubadili kitu chochote katika kazi yake. Modeli ya ngazi nyingi hulirekebisha jambo hili kwa kuivuta asilimia ya shule ndogo kuelekea wastani wa wilaya mpaka ushahidi wa miaka kadhaa utakapotosha kuithibitisha. Mwamuzi mwenye busara hufanya hivyo hivyo: hamhukumu mtu kwa shahidi mmoja.

WATOTO WANAOONDOLEWA KATIKA HESABU

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mabishano ya wasomi, na kwamba asilimia, hata ikiwa na kasoro, huwachochea walimu kufanya kazi. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa ushahidi, na ushahidi upo hapa hapa nchini.

Mwaka 2013 Serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na katika elimu ilianza kuzitangaza shule kwa nafasi zake kitaifa na kiwilaya. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin waliyachunguza matokeo yake. Walikuta kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao, katika mafungu mawili ya mwisho kati ya kumi, kweli zilipandisha ufaulu. Kwa hiyo wanaosema kwamba orodha huchochea hawakukosea kabisa. Lakini watafiti hao walikuta pia kwamba mpango huo ulizifanya shule kuwaondoa kwa hila baadhi ya wanafunzi katika darasa la mwisho. Hapa ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Asilimia ya waliofaulu hupanda ama kwa kuwafundisha walio dhaifu, ama kwa kuwazuia wasifike kwenye chumba cha mtihani, na orodha iliyobandikwa ukutani haiwezi kuonyesha ni njia ipi iliyotumika. Mtoto aliyeondolewa hana alama, na asiye na alama hayumo katika wastani. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule; MMEM ya mwaka 2002 ilifuta ada na ikawarudisha mamilioni; elimu bila malipo ikafika hadi kidato cha nne mwaka 2016. Kipimo kinachomshawishi mwalimu kumtoa mtoto nje ya mlango huo huo kinabomoa kazi ya miaka yote hiyo.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza kwamba limeacha utaratibu wa kutaja shule bora na watahiniwa bora kitaifa. Hatua hiyo ilikuwa ya busara. Lakini asilimia za shule bado zinapatikana, na hakuna kinachoizuia halmashauri au kata kujipangia orodha yake yenyewe. Kuacha kutangaza kipimo kibaya hakutoshi pasipo kuweka kilicho bora mahali pake.

Ushahidi wa aina nyingine ulitoka katika utafiti wa KiuFunza wa mwaka 2013 na 2014, uliohusisha shule 350 katika wilaya 10. Shule, si wanafunzi mmoja mmoja, ndizo zilizopigiwa kura kuamua ipi ipewe ruzuku, ipi walimu wake wapewe motisha kwa kila mwanafunzi anayefaulu, ipi ipewe vyote viwili, na ipi isipewe kitu. Ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Ruzuku ikiambatana na motisha ilizipandisha. Ilikuwa muhimu kwamba wachunguzi waliihesabu shule kama shule. Lau wangewahesabu wanafunzi kama punje zisizo na gunia, wangeweza kuona athari hata pale ambapo hapakuwa na kitu.

LIFANYIKE NINI

Yapo mambo ambayo yanaweza kuanza kufanyika bila kungoja fedha za wafadhili.

Kwanza, maendeleo ya mtoto yapimwe kutoka pale alipoanzia. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani limekuwa likikusanya alama za upimaji wa darasa la nne na zile za kumaliza elimu ya msingi. Alama hizo zikiunganishwa kwa mtoto mmoja mmoja, ofisa ataweza kuona nani amepiga hatua gani. Tuseme, kwa mfano wa kubuni tena na kwa mizani iliyo sawa, kwamba shule ya makao makuu ya wilaya iliwapokea watoto wenye wastani wa 70 ikawafikisha 72, na shule ya kando ya majaruba iliwapokea wenye 35 ikawafikisha 50. Orodha ya ukutani itaisifu ya kwanza na kuiaibisha ya pili. Kipimo cha maendeleo kitauliza ni nini walichokifanya walimu wa ile ya pili, ili wengine wajifunze kwao.

Pili, wahesabiwe wote walioanza. Shule itoe hesabu ya watoto walioandikishwa darasa la kwanza na walikofikia: waliohama, waliokariri, walioacha. Katika bonde la Usangu, ambako familia za wafugaji na za vibarua wa mpunga huhamahama, mtoto aweza kusoma shule mbili au tatu. Modeli za ngazi nyingi zinayo njia ya kumgawa mtoto wa namna hiyo kwa shule zote alizopitia badala ya kumtwisha mzigo mwalimu wa mwisho.

Tatu, kila kipimo cha shule kitangazwe pamoja na kiasi cha mashaka yake. Mwaka 1996 Harvey Goldstein na David Spiegelhalter walionyesha kwamba, mashaka hayo yanapoandikwa, shule nyingi za katikati ya orodha haziwezi kutofautishwa hata kidogo. Ni zile za mwisho kabisa wa pande mbili tu ambazo huonekana wazi. Kumwambia mwalimu mkuu kwamba amekuwa wa 41 na jirani yake wa 38, na kwamba tofauti hiyo ina maana, ni kumwambia jambo lisilokuwa na msingi.

Nne, wataalamu wapo na watumike. Chuo cha Takwimu Mashariki ya Afrika kipo Dar es Salaam, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kipo Iringa, si mbali na Usangu. Programu ya R, ambayo hukokotoa modeli hizi, hutolewa bure na huendeshwa kwa kompyuta ya kawaida. Walimu wakuu wamekuwa wakizijaza fomu za TSM kila mwaka kwa uaminifu, wakihesabu madawati, matundu ya vyoo na vitabu, na wengi wao hawajapata kurudishiwa jibu lolote lililotokana na fomu hizo. Ofisa Elimu wa Wilaya akiwaita na kuwaonyesha shule zao zilivyosimama, mwaka hadi mwaka, kwa lugha wanayoifahamu, hiyo itakuwa heshima na pia kichocheo cha kuzijaza kwa uangalifu.

Lazima isemwe pia modeli hizi haziwezi kufanya nini. Hazisemi kwa uhakika kwamba jambo fulani ndilo lililosababisha jingine. Zikilishwa takwimu za uongo hutoa uongo uliopangwa vizuri. Na hazimwoni mwalimu anayemtembelea nyumbani mtoto aliyefiwa. Tena iko hatari ya mtu kuzigeuza kuwa udhuru, akasema kwamba watoto wa maskini hawatarajiwi kufika mbali, na kwa hiyo 50 inawatosha. La hasha. Mtoto wa mwisho wa mfereji atafanya mtihani ule ule na ataishi katika nchi ile ile. Kujua kwamba maji hayamfikii ni sababu ya kuuzibua mfereji, na kazi hiyo ni ya halmashauri na Wizara kabla ya kuwa ya mwalimu.

Kwa sababu hiyo watumishi wanaoandaa taarifa za elimu mwaka huu, kabla ya kuandika kwamba shule fulani imeshindwa, wanapaswa kuonyesha imeshindwa ikilinganishwa na nani, kwa watoto gani, walioanzia wapi, na kwa ushahidi wa miaka mingapi. Taarifa isiyojibu maswali hayo manne irudishwe kwa aliyeiandika, na barua ya kumwondoa mwalimu isitiwe saini kwa kuitegemea.